Picha Iliyo Nyuma ya Kuponi

Mzee Elikana Lubango alikuwa amekula chumvi nyingi, tena ya nchi nyingi. Aliendesha malori ya Kongo, akapika kwenye meli ya ziwani, akachimba mawe ambayo hakuyapata, akauza mitumba Lusaka. Shule aliionja tu, darasa moja hapa na jingine kule, kwa kuwa babake alikuwa mtu wa reli na reli haikumwacha akae. Katika hamahama hiyo vitu vilimpotea kimoja kimoja, meno yakiwemo. Kilichobaki, mbali na kofia ya ngozi ya kichwani, ni kipande cha karatasi kisichozidi pakiti ya sigara, na hicho ndicho alichokuja nacho Tabora asubuhi ile, mfukoni mwa shati, ndani ya nailoni.

Nyumba ya Karatasi ilikuwa zamani karakana ya mabehewa. Reli zilikuwa bado zimo sakafuni. Mahali pa behewa palikaa mashine ndefu ya rangi ya majivu, inanguruma kwa chini kama paka aliyeshiba, na mbele yake kiti kimoja chenye kofia ya nyaya.

"Hodi hapa," alisema. "Mimi ndiye niliyepiga simu. Mwenye kuponi."

Mwanamke mwenye miwani, umri wa miaka thelathini na kitu, aliinuka haraka mpaka stuli ikaanguka. "Shikamoo mzee. Karibu. Mimi Mwamtumu, fundi wa hii mashine. Unayo kweli?"

"Marahaba. Ninayo. Mwamtumu wa wapi?"

"Kisarawe."

"Ala. Mzaramo." Mzee akavuta stuli ile akaikalia. "Ndiyo maana nimekuta mlango wazi na mlinzi amelala. Mmeshaambukiza mji."

Mwamtumu akamtazama upya. "Na wewe usiniambie ni Mnyamwezi."

"Wa Urambo."

"Basi nimekwisha. Nimekimbia kwetu nije kufanya kazi kwa amani, kumbe nimekuja kujilaza mlangoni kwa watani. Umekuja kwa miguu, bila shaka, na mzigo kichwani."

"Mzigo ninao. Uko mfukoni."

Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha ghafla. Mwamtumu alinyoosha mkono, mzee hakutoa kitu.

"Nionyeshe kwanza," alisema. "Tangazo lako la redio lilisema kuna shimo."

Mwamtumu aliwasha kioo cha ukutani, na hapo moyo wa mzee ukaruka kama wa mtoto. Mjimwamba. Mji ule ule wa jarida la katuni la Kimulimuli: nyumba za manjano, anga ya buluu iliyopigwa vidoti, mnara wa saa, na Mama Sumaku akikatiza uwanja huku vijiko na vizibo vya soda vimemganda mgongoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili mara ya mwisho kuuona. Miaka hamsini na minne.

Lakini katikati ya uwanja, chini ya mnara, palikuwa hapana kitu. Hapakuwa peusi wala peupe. Jicho likifika hapo lilikosa pa kukaa, likarudi. Pembe zake zilikuwa nne, za mraba, na kingo zake zilitetemeka.

"Toleo la kumi na tisa," alisema Mwamtumu. "Tumekusanya nakala kumi na moja, kutoka Kigoma mpaka Mombasa. Zote zina tundu mahali pamoja."

"Kuponi ya baiskeli," alisema mzee. "Jishindie baiskeli. Kuponi mia za kwanza tu ndizo zingeingia kwenye bahati nasibu. Basi ukinunua jarida unakata kwanza, unasoma baadaye. Nchi nzima tulikata kwanza."

"Na nyuma ya kuponi palikuwa na picha."

"Palikuwa na picha."

Mwamtumu akaeleza, akigonga mashine kwa kiganja kama mtu anayemsifia ng'ombe wake. Kifufuzi, ndilo jina la mashine ile, kilisoma kila ukurasa, mbele na nyuma kwa mpigo mmoja, kikaujenga mji kutokana na kilichochapwa. Hakikuongeza hata unywele. Ndiyo sheria yake: hakitungi, kinafufua. Kilipowashwa kiliwapitisha watu wa Mjimwamba ile miaka yote waliyoikosa tangu jarida life. Huku nje ilichukua wiki moja. Kule ndani ilikuwa miaka hamsini na minne, siku kwa siku, na hakuna aliyezeeka kwa kuwa hakuna aliyewahi kuchorwa mzee.

"Watu elfu tatu mle," alisema. "Mwezi uliopita shimo lilikuwa na ukubwa wa mlango. Jana limemeza posta, pamoja na karani. Wakubwa wameamua: nisipoliziba leo kufika saa kumi, mashine inazimwa. Nipe, mzee wangu."

Mzee aliishika nailoni ndani ya mfuko. "Nitakupa. Ila niingie kwanza. Nikauone."

"Kwa nini?"

Mzee alikwenda kukaa kwenye kile kiti. Picha ile ilikuwa ya kifo cha Sikudhani, mdogo wake yule shujaa Kimulimuli anayewaka mwili, muuza betri wa duka la redio. Elikana wa miaka kumi na miwili alimpenda Sikudhani kuliko mashujaa wote wanaoruka. Alitaka kupaona mahali alipokuwa akisimama. Ni hilo tu. Hakujua kwamba kuna zaidi.

*

Alipovua kofia yake ya ngozi na kuvaa ile ya nyaya, harufu ilitangulia: wino, na karatasi rahisi. Kisha rangi.

Wekundu wa mji ulikuwa umepita kidogo nje ya mistari, kama ulivyopita siku jarida lilipochapwa kiwandani. Kila mdomo ulikuwa na mdomo wa pili pembeni yake. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa mistari mitano iliyolala. Alitaka kwenda mtaa wa pili, akakuta kati ya mtaa na mtaa ukanda mweupe usio na sauti, kama ule unaotenga picha na picha jaridani. Akaweka mguu mmoja, akawa ameshafika, na hakujua muda gani umepita humo katikati.

Juu ya kichwa chake, pembeni mwa anga, kilifunguka kisanduku cha manjano, na sauti ya Mwamtumu ikatoka humo.

"Unanisikia, mtani?"

"Nakusikia. Unasema kama msimulizi."

"Hapa ndipo mahali pekee wachoraji walipoacha nafasi. Kuponi unayo mkononi? Unachoshika kitini unakishika na huko. Lakini haitakuwa ya mji mpaka niiweke kwenye kioo huku."

Alikuwa nayo. Akatembea kuelekea uwanjani.

Kimulimuli alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo, na kitambaa cheusi mkononi, kile alichokivaa kuanzia toleo la ishirini mpaka jarida lilipokufa. Mwili wake, uliokuwa ukiwaka mpaka msomaji anakunja macho, sasa ulitoa mwanga wa taa iliyoishiwa mafuta. Alishika maua ya karatasi. Na kando yake, karibu kabisa, bega kwa bega, alisimama msichana wa sketi ya kijani, anamwita.

"Kaka. Kaka. Kaka."

Hakuita kwa kilio. Aliita kama mtu anayetwanga, kwa mazoea.

Kimulimuli aliweka maua chini, akageuka, akampita. Hakumkwepa. Alimpita kama mtu anavyopita mahali penye upepo. Msichana akayatazama maua, kisha akainua macho, akamwona mzee anamkodolea.

"Shikamoo, mzee," alisema.

 Tangu utotoni mzee alikuwa ameweka akiba shikamoo ya kumpa dada huyu kama wangekutana, na sasa yeye ndiye mwenye mvi.

"Marahaba," alisema. "Wewe ni Sikudhani."

"Unanijua?" Akasogea, na wekundu wa midomo yake ukasogea nyuma yake kidogo, ukachelewa. "Wageni huja hapa wengi. Wanakuja kutazama watu wanaoruka. Muuza betri nani atamtazama?"

"Binti," mzee aliita juu, kwa sauti ya chini. "Mwamtumu. Huyu yuko hai."

Kisanduku cha manjano kilifunguka tena juu yao.

"Haiwezekani," sauti ilisema. Kisha, polepole: "Inawezekana. Mashine haijawahi kuona amekufa. Kwenye toleo la ishirini watu wanasema tu amekufa, wanalia, wanavaa vitambaa. Imewapa watu maneno yao na vilio vyao. Yeye mwenyewe imemwacha alivyokuwa. Haina akili ya kusema 'kwa hiyo'. Mungu wangu. Mimi niliona jina lake kwenye orodha ya waliomo, nikadhani ni kosa la hesabu."

Sikudhani alikuwa akikitazama kisanduku. "Huyo naye namsikia," alisema. "Mwambie sijambo."

*

Waliketi kwenye ngazi za duka la redio, hatua kumi kutoka shimoni. Kwa karibu kingo zake zilikuwa na meno madogo madogo, mikato ya mikasi ya watoto kumi na mmoja, kila mmoja na mkono wake. Mara moja moja jino moja lilikata mbele kidogo, na jiwe la uwanjani likawa halipo.

"Walinisomea hitma," Sikudhani alisema. "Hapa hapa. Nilipita katikati yao nawaambia jamani niko hapa. Mama Sumaku alilia mpaka sufuria zikamng'ang'ania. Mwisho nikaona njaa, nikakaa nikala. Nimekula pilau ya hitma yangu mwenyewe, mzee. Ilipungukiwa chumvi."

Mzee alicheka bila kupenda, naye akacheka.

"Mwanzoni nilidhani wananinunia. Unajua familia. Nikasema nimekosa nini, nitaomba radhi. Nikaomba. Mwaka wa kwanza, wa pili. Kila Ijumaa kaka anakuja na maua, namshika mkono, na mkono wake haushikiki. Kama kushika picha ukutani. Betri nauza mwenyewe, nanunua mwenyewe." Akamgeukia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Swali lilimchoma, kwa jinsi lilivyoulizwa bila ubaya.

"Huku na huko," alisema. "Nilikuwa nimekubeba."

Akamweleza yote. Hakujua kupamba maneno, akaeleza kama alivyoelezwa: jarida, mikasi, baiskeli, shimo, saa kumi. Alipofika kwenye picha alikwama, akafungua nailoni, akaishika kuponi kifudifudi kwenye goti.

"Nikiitoa, shimo linazibika na mji unapona. Lakini picha hii ndiyo... humu ndimo ulimokufa. Nikiikataa, wewe unabaki."

"Nabaki wapi?"

"Hapa."

"Mpaka lini?"

Alijikuna kidevu. Alikuwa mtu wa njia, alizoea kupiga hesabu ya masafa. "Wakubwa wakizima saa kumi, basi ni mpaka saa kumi. Ila ninaweza kukaa mlangoni na panga, nikawaambia hakuna kuzima. Mimi nina muda. Hapo labda mwezi. Labda mwaka. Shimo likija huku, unahama, mtaa kwa mtaa. Mimi nimeishi hivyo, si vibaya sana."

"Na hawa?" Aliashiria uwanja: muuza magazeti, kina mama foleni ya maji, Kimulimuli anayepotea kwenye ukanda mweupe na mwanga wake mdogo.

Mzee aliifunika kuponi kwa kiganja.

"Nionyeshe."

"Mwanangu, si kitu cha kuangalia."

"Wameiona watoto wa nchi nzima, nimebaki mimi."

"Hakuna aliyeiona. Walikata, wakapaka gundi, wakabandika kwenye kadi. Niliigeuza mimi tu, nikakuona. Nilishajaza jina na sanduku la posta. Nikawaza nikikutia kwenye bahasha nitakuwa nimekuzika. Nikaacha."

"Kwa hiyo hukunizika," alisema Sikudhani, taratibu. "Ndiyo maana nipo."

Akanyoosha mkono. Mzee akampa.

Ilikuwa picha ndogo, rangi zake zimekufa kwa jasho la mifuko mingi. Kifusi kilichoanguka kutoka mnarani. Msichana amelaliwa na mawe mpaka kifuani. Kimulimuli kapiga magoti, ameushika mkono wake kwa mikono yake miwili, na mwanga wote wa mwili wake umemwagika usoni mwa msichana, mwanga ambao hakuwahi kuwa nao tena katika matoleo yaliyofuata. Juu yake, maneno machache: *Nipo hapa, mdogo wangu. Nipo.*

Sikudhani aliitazama muda mrefu mpaka meno mawili ya mikasi yakakata mbele uwanjani.

"Amenishika," alisema.

"Ndiyo."

"Ananiona. Tazama, ananiona kabisa." Alipitisha kidole juu ya mikono ile mitatu, ya kaka na wake. "Na sisi tulikuwa hapa kila Ijumaa. Hajui alikoniachia. Anatafuta mahali pa kuweka maua, anaweka kwenye shimo." Akapumua. "Itauma?"

Mzee angeweza kudanganya. Alikuwa amewadanganya maofisa wa mipaka sita. "Sijui. Hapo huonekani kama mtu anayeumia. Unaonekana unamtazama."

"Naogopa."

"Hata mimi."

"Upande wa pili kuna nini?" Akaigeuza, akaona baiskeli iliyochorwa vizuri kuliko kitu chochote katika jarida lile, nyeusi, na kengele, na karia ya kubebea mzigo. Akacheka kweli kweli, kichwa nyuma. "Nimekufa mgongoni mwa baiskeli. Alishinda nani?"

"Sikusikia kamwe."

"Sisi Mjimwamba hatujawahi kuwa na baiskeli hata moja. Watu wanaruka, sisi wengine tunatembea." Akairudisha kuponi kwenye nailoni, akaikunja vizuri kuliko alivyoikunja yeye, akamwekea mfukoni, akaugonga mfuko mara mbili kama mama anayemtuma mtoto dukani. "Nizike, mzee. Umenibeba vya kutosha."

*

Alipovua kofia ya nyaya na kuvaa tena yake ya ngozi, ilikuwa saa tisa na nusu. Jua la alasiri liliingia kwa madirisha ya karakana likalala juu ya reli. Mwamtumu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mashine, miwani mkononi.

"Nimesikia yote," alisema.

"Najua."

"Niliwasha mashine hii kwa mkono wangu. Nikaenda kula chakula cha mchana, na yeye alikuwa ndani anaita kaka yake."

Mzee alifungua kifuniko cha kioo cha kusomea. Akaitoa kuponi. Mkono ukafika juu ya kioo, ukakataa. Akajaribu wa pili. Aliwahi kuvuka mto uliofurika akiwa na lori la magunia, na mikono haikumgomea hivi.

"Siwezi," alisema. "Nilimwambia nitaweza."

Saa ya ukutani ikasogea. Mwamtumu aliinuka, akafuta macho kwa kanga ya begani, akavaa miwani. Alipoongea, sauti yake ilikuwa nyingine, kavu, ya uani kwenye msiba.

"Sogea huko. Mfiwa anachimba kaburi tangu lini? Watani tumekufa?"

Mzee akamtazama.

"Lete hiyo." Akaitwaa kuponi, akaweka kiganja chake juu ya kioo, akakifunika chote. "Na kaburi halifunguliwi bure. Mimi nimelala humu, sitoki mpaka nipewe changu. Nataka kofia hiyo."

Ni desturi, mtani hulala kaburini mpaka atoe mwenye msiba, na mwenye msiba akitoa hujikuta ameshakubali kwamba kuna kaburi. Mzee alivua kofia yake ya ngozi, iliyotoka Lubumbashi, akampa. Mwamtumu akaivaa. Ikamfika kwenye nyusi.

"Wanyamwezi," alisema, "mtabeba mizigo mpaka lini? Marehemu mmoja mdogo hivi, mmemtembeza miaka hamsini na minne, Kongo na kurudi, hakuna aliyewaambia mtue?"

Mzee alianza kucheka. Kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kitu kingine, naye akakiacha kitoke. Akiwa katika kucheka huko, Mwamtumu aliweka karatasi kwenye kioo akashusha kifuniko.

Mwanga ulipita mara moja.

Kwenye kioo cha ukutani, kingo za shimo zilitulia, zikakutana. Palikuwa na kifusi, na magoti, na mikono mitatu. Mwanga wa Kimulimuli ulijaa uwanja mzima mpaka wakafunika macho. Kisha ukapungua, pole pole, mtu aliyeshika akawa ameshika mkono tu. Karani wa posta akatokea dirishani, akaona, akavua kofia. Kimulimuli aliinuka. Akaokota maua yake, na safari hii alijua pa kuyaweka.

Hakuna aliyeita kaka.

Walikaa mbele ya kioo, mzee kichwa wazi na fundi amevaa kofia. Saa kumi ilipofika, hakuna aliyekuja kuzima.

Ni Mwamtumu aliyeona kwanza. Alisogelea kioo, akakifuta kwa kiganja, kana kwamba ni vumbi.

"Mzee. Ile kuponi ina pande mbili."

"Ndiyo."

"Na kioo changu kinasoma pande zote mbili kwa mpigo. Sikukifumba upande wa pili. Nilisahau."

Mbele ya duka la redio, kwenye ngazi walizokalia, ilikuwa imeegemezwa baiskeli nyeusi, mpya, yenye kengele na karia. Watu wa Mjimwamba waliipita bila kuigusa. Hawakujua ni kitu gani. Dukani hapakuwa na mtu. Mtaa ulikuwa mtupu mpaka ukanda mweupe unapoanzia, na hapakuwa na upepo, kwa kuwa ukurasa ule haukuchorewa upepo.

Gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka, kana kwamba kuna mtu ameshuka sasa hivi.